KANGAMBILI NA MWINDAJI WAKE
Somo la kuwatambua na kuwapiga picha wadudu wawili wenye vazi moja

Wakati matumba ya pamba yaanzapo kupasuka, mkulima huona shambani mwake makundi ya wadudu wekundu wenye alama nyeusi. Wengine hutembea juu ya matumba, na wengine hushikamana wawili wawili, mkia kwa mkia. Hao ndio kangambili. Popote palimwapo pamba katika Kenya, tangu Pwani na bonde la mto Tana mpaka Nyanza na Magharibi, mdudu huyu ni adui wa siku nyingi.

Lakini yafaa ijulikane kwamba katika makundi hayo mara nyingine yumo mdudu wa pili, mwekundu na mweusi vile vile, ambaye ni rafiki wa mkulima. Huyo huuawa pamoja na adui kwa sababu tu amefanana naye. Somo hili lataka kumsaidia msomaji kuwatenga wawili hao kwa macho, na kuwapiga picha ili awe na ushahidi wa alichokiona.

Kangambili ni mdudu wa namna gani?

Watu wengi humdhani kangambili kuwa mbawakawa, lakini sivyo. Mbawakawa ana meno ya kutafuna, na mbawa zake za juu ni ngumu, nazo hukutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyoka. Kangambili ni wa jamaa ya kunguni. Hana meno, bali ana mrija mwembamba mfano wa sindano, ambao kwao hutoboa na kufyonza. Mbawa zake za mbele ni ngumu nusu ya kwanza, na nusu ya pili ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Zikikunjwa hupandana, zikafanya mgongoni alama mfano wa herufi X.

Aliye mzima hupata urefu wa sentimeta moja na nusu hivi. Nyuma ya kichwa ana mstari mweupe kama ukosi wa shati, na juu ya kila bawa ana ukanda au doa jeusi, kwa kadiri ya aina yake. Wataalamu huziita aina hizo zote kwa jina moja, Dysdercus.

Jike hutaga mayai udongoni au chini ya majani makavu. Watoto watokao humo ni wekundu, nao hawana mbawa. Hujivua ngozi mara 5 kabla ya kuwa wazima. Kwa hiyo mtu aweza kuona juu ya tumba moja wadudu wa ukubwa mbali mbali akadhani ni aina nyingi, kumbe ni watoto na wazazi wa aina moja.

Hasara aletayo

Chakula cha kangambili ni mbegu. Hupenyeza mrija wake katika tumba bichi mpaka aifikie mbegu iliyo ndani, na pamoja na mrija huo huingia kuvu iletayo ugonjwa. Kuvu hiyo ilielezwa na wataalamu Ashby na Nowell katika mwaka wa 1926. Ikiisha kuingia, nyuzi nyeupe hugeuka kuwa za manjano au za rangi ya kahawia. Mbegu nazo huwa nyepesi, hupungukiwa na mafuta, wala hazioti vizuri. Hapo ndipo pamba ambayo ingaliwekwa katika fungu la “safi” hutupwa katika fungu la “fifi”, na mkulima hupokea bei ndogo kwa jasho lile lile.

Pamba ikiisha shambani, kangambili hafi njaa. Huhamia kwenye mbuyu, msufi, bamia, na magugu ya jamii ya mimea hiyo. Ndiyo sababu wakulima huhimizwa kung'oa na kuchoma mashina ya pamba mara mavuno yamalizikapo, ili adui asipate makao karibu na shamba la msimu ujao.

Mwindaji aliyevaa nguo za mawindo yake

Mdudu wa pili huitwa na wataalamu Phonoctonus. Huyu naye ni wa jamaa ya kunguni, lakini hafyonzi mbegu. Chakula chake ni kangambili wenyewe. Rangi zake na ukubwa wake vimefanana na vyao hata aweza kukaa katikati yao pasipo wao kukimbia. Humnyemelea mmoja, akamchoma kwa mrija wake, akamtia mate yenye sumu yalainishayo nyama ya ndani, kisha akamfyonza mpaka libaki ganda tupu.

Msomaji atauliza, je, atajuaje yupi ni yupi? Kuna dalili tatu.

Ya kwanza ni mrija. Mrija wa kangambili ni mrefu na umenyoka, nao hulala chini ya kifua katikati ya miguu. Mrija wa mwindaji ni mfupi na mnene, nao umepindika kama mundu.

Ya pili ni kichwa. Kichwa cha kangambili ni kifupi na kimekaa karibu sana na kifua. Kichwa cha mwindaji ni chembamba na kirefu, na nyuma yake ipo shingo ionekanayo wazi.

Ya tatu ni mwenendo. Kangambili hutembea huku na huku, naye akisumbuliwa hukimbia au hujiangusha chini. Mwindaji huenda polepole, husimama kitambo, kisha husogea tena. Ukimwona mdudu ameshika mwenzake na kumchoma kwa mrija, usimwue kabla hujamtazama vizuri.

Tena, si kila kidudu chenye rangi hizo ni mmoja wa wawili hawa. Kuna mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, walao vidukari. Hao nao ni rafiki. Wako pia kunguni wekundu na weusi wakaao juu ya mimea yenye utomvu mweupe mchungu, nao uchungu huo huingia miilini mwao. Katika wadudu wengi rangi hizi ni onyo kwa ndege: aliyekwisha kuonja mmoja mchungu huwaacha wote wavaao vivyo hivyo.

Jinsi ya kuwaangalia

Wakati ulio bora ni asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, kwa maana wadudu huwa wangali baridi na wazito wa kutembea. Sogea polepole, wala usiache kivuli chako kiwaangukie. Chagua tumba moja lililopasuka, uchutame, utazame muda wa robo saa pasipo kugusa kitu. Usimshike mwindaji kwa vidole, kwani huuma, na maumivu yake ni makali.

Jinsi ya kuwapiga picha

Siku hizi watu wengi wana simu yenye kamera, nayo yatosha kwa kazi hii. Mambo haya yafuatwe:

1. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi na laini.
2. Jua likiwa kali, tia mdudu kivulini kwa kofia au kwa jani pana. Rangi nyekundu katika jua kali hutoka picha kama doa tupu, alama zake zisionekane.
3. Usikaribie mno hata picha ikawa na ukungu. Afadhali mdudu awe mdogo lakini aonekane wazi, kwani picha yaweza kukuzwa baadaye.
4. Piga picha tatu: ya kwanza kutoka juu, ionyeshe mbawa, ya pili kutoka ubavuni, kamera ikiwa sawa na mdudu, ionyeshe mrija na shingo, ya tatu ionyeshe mmea wenyewe.
5. Andika katika daftari tarehe, saa, mahali, jina la mmea, na alichokuwa akifanya mdudu.

Picha ya pili ndiyo yenye thamani kuliko zote. Picha ya kutoka juu peke yake yaweza kumdanganya hata mtu mwenye elimu, kwa kuwa mgongoni ndiko wadudu hawa walikofanana.

Faida ya kazi hii

Mwenye picha na daftari aweza kumwonyesha bwana shamba hali ya shamba lake pasipo kubeba wadudu katika chupa. Akipita njia ile ile kila juma na kuhesabu wadudu aliowaona, atajua kama kangambili wanaongezeka au wanapungua, na kama wawindaji wapo. Dawa ya kunyunyiza haichagui. Huua adui na rafiki pamoja. Palipo na kangambili wachache, mkulima aweza kuwapukutisha katika kopo la maji yenye sabuni, akawaacha wawindaji waendelee na kazi yao.

Lakini asitegemee wawindaji peke yao, kwani hawawezi kuwamaliza kangambili wote. Kuchuma pamba mapema mara ipasukapo, kutolundika mbegu ovyo, na kuchoma mashina baada ya mavuno ni kazi ambazo hakuna mdudu awezaye kumfanyia. Basi asubuhi ya kesho, mwenye shamba la pamba na aanze kwa tumba moja: atazame kwanza mrija, kisha ndipo aamue nani wa kuuawa.