Kelele Kiasi Gani Zinavumilika

Mzee wa Muthara, huko Tigania nchini Kenya, akipewa mashine ya masikio, nyumbani haimpi taabu. Taabu iko sokoni: boda boda zinanguruma, kinu cha posho kinasaga, spika ya duka inapiga muziki, na mteja wa miraa anauliza bei. Wiki chache baadaye mashine imewekwa kabatini.

Tuanze na sauti yenyewe. Hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama kilo: vinu viwili vinavyolia sawasawa vinazidi kimoja kwa desibeli 3 tu. Maneno yatasikika au la, hutegemea msemaji yuko desibeli ngapi juu ya kelele. Msemaji akiwa 65 na kelele 60, tofauti ni 5. Mashine ya kukuza tu ikiongeza 20, msemaji anakuwa 85 na kelele 80. Tofauti ni 5 ileile.

Sikio zima lina msaada wake wa ndani. Kila sikio lina seli za nywele za nje takriban 12,000, ambazo huzidisha sauti ndogo na kutenganisha zile zinazokaribiana. Zikifa hazioti tena.

Odiogramu, yaani mchoro wa kipimo cha usikivu, huonyesha sauti ndogo kabisa ambayo mtu anaisikia. Kuhusu uvumilivu wake wa kelele haisemi lolote. Anna Nabelek wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1991 njia ya kuupima, nayo ni rahisi ajabu. Mgonjwa husikiliza hadithi, akiashiria kwa kidole ipandishwe au ishushwe hadi imkae vizuri. Kisha huongezwa gumzo la watu wengi, likapandishwa mpaka aseme: hapa bado naifuata hadithi bila kuchoka, zaidi ya hapa sitaki. Namba ya pili hutolewa kwenye ya kwanza. Mmoja atapata 63 toa 58, yaani 5. Mwenzake mwenye odiogramu ileile atapata 63 toa 47, yaani 16. Kwa mzee wa Tigania hadithi iwe ya Kimeru, maana lazima aifuate.

Mwaka 2006 kundi la Nabelek liliripoti kwamba wenye 7 au chini kwa kawaida huvaa mashine zao, na wenye 13 au zaidi huelekea kuziacha. Tafiti za baadaye ziliona utabiri huo si imara kiasi hicho. Kwangu, kumnyima mtu mashine kwa sababu ya 16 ni dhuluma. Namba hiyo ituambie apewe mashine gani.

Huyu wa 16 anahitaji maikrofoni mbili, tuseme zimeachana milimita 12. Mlio wa boda boda iliyo mgongoni hufika maikrofoni ya nyuma kwanza, kisha ile ya mbele baada ya takriban sehemu 35 za milioni za sekunde. Mashine huichelewesha sauti ya maikrofoni ya nyuma kwa muda huohuo, kisha huitoa kwenye ile ya mbele. Mlio wa mgongoni hujifuta, na sauti ya mteja aliye mbele hubaki. Faida sokoni ni desibeli chache tu, kwa hiyo aketi kinu kikiwa nyuma yake, na azoee mashine nyumbani kwanza. Baada ya mwezi apimwe tena akiwa ameivaa. Namba isiposhuka, mtaalamu abadilishe programu ya kupunguza kelele.