Malaika Alianza na Mkate: Somo kwa Mwanafunzi Aliyechoka



Ukikaa stendi ya Kondoa wakati vyuo vinafunguliwa, utawatambua bila kuuliza. Begi jipya, ndoo, godoro lililofungwa kamba, na kundi la wasindikizaji: mama, baba mdogo, shangazi, wakati mwingine na katekista. Safari yenyewe siku hizi ni fupi, kama kilomita 160 za lami mpaka Dodoma, na wengi wanaishia palepale UDOM, chuo kilichoanza 2007. Ila mzigo mzito hauko kwenye buti la basi. Ni ile "usituangushe, mwanangu" anayoambiwa kabla mlango haujafungwa.

Miezi michache baadaye kijana huyohuyo ana sapu mbili, bumu halijaingia, hali vizuri, usingizi hapati. Akipigiwa simu anajibu, "Niko poa mama, nasoma tu." Hana nia ya kudanganya. Hajui tu aanzie wapi.

Fungua Biblia yako, 1 Wafalme 19:1-18.

Eliya hakuwa mtu wa imani haba. Sura moja tu kabla ya hii alisimama mlimani Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, na moto ukashuka. Halafu Yezebeli anatuma kitisho, na mtu huyohuyo anakimbia. Angalia anachofanya akifika Beer-sheba: anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani peke yake. Hivyo ndivyo mtu aliyeelemewa anavyofanya. Anaacha kwaya, kisha grupu la jumuiya, kisha hata kula na wenzake.

Chini ya mretemu anamwomba Mungu amwondolee uhai. Sasa soma polepole jinsi anavyojibiwa. Hakemewi. Haambiwi afunge, wala haulizwi mbona husali siku hizi. Malaika anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena. Anarudi mara ya pili na kumwamsha ale, maana safari iliyo mbele inamzidi nguvu. Ile sauti ndogo ya Horebu, tunayoipenda sana kuihubiri kwenye mafungo, inakuja siku 40 baadaye. Mkate ulitangulia.

Hapa ndipo sisi vijana tunapokosea, na mimi ni wa kwanza. Mwenzangu mmoja nilipokuwa nasoma aliniandikia usiku kwamba haoni sababu ya kuendelea kuishi. Nikamtumia novena. Nikaongeza "Mungu ni mwema", nikalala. Novena haina kosa lolote! Kosa lilikuwa langu: sikumuuliza amekula nini, wala sikwenda chumbani kwake mpaka kesho yake jioni. Bahati nzuri waliyekuwa wanalala naye chumba kimoja alikuwa na akili kuliko mimi. Hakumwacha peke yake usiku ule, na asubuhi alimshika mkono wakaenda zahanati. Yupo, alimaliza, leo anafundisha.

Basi tuseme wazi nani anafanya nini, maana wengi wanachanganya. Padre mlezi wa TMCS atakusikiliza, na katika kitubio siri yako haitoki kabisa, hilo ni sheria ya Kanisa. Lakini huzuni siyo dhambi, kwa hiyo usishangae ukiungama kila wiki na ikabaki palepale. Vilevile paroko hawezi kukuidhinishia kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa. Hilo linaanzia kwa Mshauri wa Wanafunzi, na unamwendea kabla mitihani haijapita, siyo baada ya kupigwa disko. Ofisi hiyo ina watu wa ushauri nasaha, na huhitaji kuwa umeharibikiwa kabisa ndiyo uende. Mkopo ukikwama, kuna afisa mikopo chuoni; mfuate na nyaraka zako badala ya kulala na njaa ukisubiri tetesi za wenzako. Kama ni mwalimu anayetaka rushwa ya ngono ili akupitishe, vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia. Na hiyo siyo "changamoto", ni kosa la jinai chini ya sheria ya rushwa ya 2007, TAKUKURU wanapokea taarifa. Pia ile kadi ya bima siyo ya malaria peke yake. Uliza zahanati ya chuo inakufikisha wapi.

Najua kinachotuzuia. Tangu tukiwa shule ya msingi, mtu akifanya jambo la ajabu tunamwambia "apelekwe Mirembe", tunacheka. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma hapohapo, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kila siku watu wanatibiwa na kurudi nyumbani. Sasa mkumbuke Louis Martin, baba yake Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Akili yake ilipougua alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, Ufaransa, kuanzia 1889 mpaka 1892. Watu walisema maneno, na binti zake waliumia sana. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu pamoja na mkewe Zelie. Kwa hiyo tunaye mtakatifu aliyelala miaka mitatu "Mirembe" ya kwao. Utani ule tuuache.

Anayedhani daktari ni dalili ya kukosa imani asome Yoshua bin Sira 38:1-15. Mgonjwa anaambiwa asali, na kisha ampe daktari nafasi yake, kwa kuwa naye amewekwa na Bwana. Ndugu zetu wengi hawana kitabu hicho katika Biblia zao. Sisi tunacho, ila hatukifungui.

Jambo la mwisho kuhusu Eliya. Pale Horebu alirudia mara mbili kwamba amebaki peke yake. Mungu hakubishana naye. Alimjulisha kuwa wapo 7,000, kisha akampa mtu mmoja wa kutembea naye, Elisha.

Kazi ya wiki hii, kwa wana TMCS na wengine wote:

Kabla ya Jumapili nenda mpaka mlangoni kwa Mshauri wa Wanafunzi, ujue ofisi iko wapi na inafunguliwa saa ngapi, hata kama leo huna shida yoyote.

Mmoja wa nyumbani unayemwambia "niko poa" kila siku, mpigie umweleze kitu kimoja cha kweli.

Kwenye mkutano wenu ulizaneni nani hajaonekana kwa wiki tatu. Waende wawili chumbani kwake, na wabebe chakula.