Neno la Baba Huja Kabla ya Mtihani

Andiko la somo: Mathayo 3:13 hadi 4:11, Danieli 1
Andiko la kukariri: Wafilipi 4:6–7



Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi Januari, kikapu chetu cha maombi hujaa karatasi za aina moja. "Pasta, tuombee, mtoto amepata alama za chini kwa intavyu." "Mungu afungue mlango wa shule ya bweni." Nyingine haina jina, na mwandiko ni wa mtoto. Anamwomba Mungu mama asilie matokeo yakitoka. Somo la wiki hii ni la karatasi hizo zote, lakini hasa hiyo ya mwisho.

Tukijue kwanza kitu tunachokiogopa

Wengi wetu tulikuzwa na KCPE, mtihani ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023. Alama zilijumlishwa, na mtaa mzima ulijua zako. Hofu ile hatukuiacha darasani. Tulitoka nayo, tukaoa nayo, na sasa tumewapa watoto wetu.

Lakini mfumo umebadilika. Mtoto wa Gredi ya 9 sasa anafanya KJSEA, na darasa la kwanza liliufanya mwaka 2025. Masomo ni tisa. Kila somo lina viwango vinane, na cha juu kabisa ni pointi 8, kwa hivyo jumla ni 72. Tena mtihani huo peke yake si kila kitu. Unachangia asilimia 60. Asilimia 20 hutoka kwa KPSEA aliyofanya Gredi ya 6, na 20 nyingine kwa kazi ya shuleni ya Gredi ya 7 na ya 8. Kisha mtoto anapangiwa sekondari pevu kwa kuangalia matokeo hayo, mkondo na shule alizochagua, na nafasi zilizopo. Shule zimegawanywa katika vikundi vinne, C1 hadi C4. Zile tulizozoea kuita za kitaifa ziko C1, na huko ndiko kila mtu anakimbilia. Shule za binafsi nazo huita watoto kwa intavyu zao wenyewe.

Mbona tuseme haya kanisani? Kwa sababu hofu inamea vizuri mahali pasipo na habari. Mtu anasema "mtoto wangu ameanguka", na hajui kwamba katika hesabu hii hakuna neno kuanguka. Mwingine mtoto wake amefanya vizuri na bado amekosa shule aliyotaka, kwa kuwa vitanda ni vichache na walioomba ni wengi. Kukosa kitanda si hukumu ya Mungu juu ya mtoto wako.

1. Baba alisema kabla

Soma Mathayo 3 na 4 kwa mkupuo mmoja, usisimame kwenye namba ya sura. Yesu anatoka majini Yordani. Katika Injili hii bado hajahubiri, bado hajaponya mtu hata mmoja. Ndipo sauti ya Baba inashuka na kumwita Mwanawe mpendwa, ikisema anapendezwa naye. Baada ya hapo, moja kwa moja, Roho anampeleka jangwani kujaribiwa.

Angalia mpangilio. Neno la Baba lilikuja kwanza, jaribu likafuata. Baba hakungoja kuona kama Mwana atapita.

Sasa angalia shetani alianzia wapi. Hakuanza na mkate. Alianza na neno "kama". Alitaka Yesu atilie shaka lile lile ambalo Baba alikuwa ametoka kulisema. Yesu alisimama, kwa sababu jina lake alikuwa amelisikia kwa Baba na hakuhitaji mawe yageuke mikate ili alijue.

Mzazi, mtoto wako atakutana na hilo "kama". Atakutana nalo kwa mlango wa intavyu, na kwa bweni usiku wa kwanza, wenzake wakiulizana pointi. Kama wewe ni mwerevu, mbona ulipata hizo? Swali ni hili: amebeba neno gani kutoka nyumbani? Kama neno la mwisho alilosikia kwako ni "umeniaibisha", basi umemtuma jangwani bila Yordani.

Wacha tuseme ukweli. Watoto wetu hufanya mitihani miwili. Wa kwanza unasimamiwa na mwalimu na unaisha kengele ikilia. Wa pili unafanywa mezani nyumbani, na karatasi yake ni uso wa baba na uso wa mama. Huo wa pili ndio unaowakosesha usingizi. Mtoto akishaamini kwamba mapenzi yako yanapanda na kushuka na pointi zake, atakuficha mengi, si matokeo peke yake. Na ukiona amenyamaza siku nyingi, hali, halali, au anasema heri asingekuwepo, usingoje Jumapili. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke hospitali au kwa mshauri, na umwite mchungaji pia. Kutafuta msaada si kukosa imani.

2. Matokeo ni gharama iliyokwisha kulipwa

Nilisomea biashara, na kuna kanuni moja ya darasani ambayo imenifaa hata madhabahuni. Pesa iliyokwisha kutumika na haiwezi kurudi, usiiruhusu ikufanyie uamuzi wa kesho. Mfanyabiashara wa Marikiti anaijua bila kwenda chuo. Nyanya zikioza, huzitupi na kisha kukaa chini wiki nzima kuzililia. Unauliza, "Nilizobaki nazo, nazifanyia nini?"

Alama zikishatoka, zimetoka. Wasiwasi ni gharama pia, na hauna faida yoyote unayorudisha. Yesu katika Mathayo 6:27 anauliza ni nani kati yetu anayeweza kujiongezea kitu kwa kusumbuka. Hesabu ni sifuri.

Hapa lazima tusimame kidogo. Kila mwaka tunawaombea watoto na kalamu zao kabla ya mtihani, na tutaendelea. Lakini hakuna sadaka inayobadilisha alama. Mtu akikupigia simu akitaka "mbegu" ili pointi za mtoto zipande au jina lake lihamishiwe shule kubwa, huyo ameona hofu yako na anaiuzia. Maombi ni mtoto kuzungumza na Baba yake. Wafilipi 4 inatuambia tupeleke haja zetu kwa Mungu pamoja na shukrani, na ahadi iliyo pale ni amani ya kulinda mioyo yetu.

Na kwa upande wa pesa: kwa miaka kadhaa ada rasmi ya zile shule za kitaifa imekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, kabla hujanunua godoro, sanduku na sare. Kuna watu huchukua mkopo kwa chama, au huuza kipande cha shamba, si kwa sababu mtoto anahitaji shule ile, ni kwa sababu jirani atauliza amepelekwa wapi. Usilipe bei kubwa kununua heshima, kisha uiite elimu. Bei ya shule ni kitu kimoja. Faida atakayopata mtoto wako pale, kwa mkondo wake na tabia yake, ni kitu kingine.

3. Danieli hakuchagua shule

Danieli 1 ni habari ya vijana waliopelekwa bweni kwa nguvu. Mji wao umetekwa, wako nchi ya kigeni, wamebadilishwa hata majina. Hapakuwa na fomu ya kuchagua. Walisoma miaka mitatu, mwisho wakasimama mbele ya mfalme akawatahini.

Sisi hupenda kukimbilia matokeo yao, ile mara kumi bora kuliko wengine. Lakini mstari wa 8 uko mbele ya mstari wa 20. Kabla ya kutahiniwa, Danieli alikuwa ameamua moyoni atakuwa mtu wa namna gani. Na mstari wa 17 unasema maarifa yao yalitoka kwa Mungu. Shule ilikuwa Babeli, mwalimu alikuwa Babeli, lakini mpaji alikuwa yule yule wa Yerusalemu. Mungu hafungiwi nje ya shule ya kutwa. Hana orodha ya C1 peke yake.

Sisi watu wa Ukambani tunalijua hili kwa jembe. Mvua ya mwezi wa kumi ikinyesha, unapanda mahindi na mbaazi shamba moja. Mahindi yanakomaa, yanavunwa, na mbaazi zile za kienyeji bado zimesimama kijani. Hakuna mkulima anayezing'oa mwezi wa pili ati zimefeli. Anajua zake zinakuja mwezi wa saba, wa nane, jua likiwa limekausha vingine vyote. Basi mbona tunang'oa watoto?

Hii haimaanishi bidii haina maana. Mbaazi nazo hupaliliwa. Mtoto aliyezembea aambiwe amezembea, kwa upendo na kwa mpango. Aliyejitahidi akapata kidogo, ashukuriwe kwa jitihada. Ni juu yako kujua yupi ni yupi, na huwezi kujua kama mnaonana tu siku ya matokeo.

Ya kufanya wiki hii

Sema neno lako mapema. Usingoje matokeo. Mwite mtoto kwa jina, mwambie unapendezwa naye, na usiweke "kama" popote.

Uliza kabla ya kulalamika. Baada ya matokeo ya 2025 wizara ilifungua kipindi cha kuomba kubadilisha shule. Nenda kwa mwalimu mkuu uulize mapema utaratibu na tarehe za mwaka wenu. Usipeane pesa kwa mtu wa pembeni.

Fanya hesabu kwa kalamu. Baba na mama kaeni pamoja, mwandike mnachoweza kulipa bila kuuza kesho ya watoto wengine.

Chunga ulimi. Usitaje pointi za mtoto wa mwenzako kwenye kikundi cha simu, na usilinganishe ndugu kwa ndugu.

Maswali ya kikundi cha nyumbani

1. Ulipokuwa mtoto, ni neno gani uliambiwa siku ya matokeo ambalo bado unalikumbuka? Lilikujenga au lilikubomoa?
2. Kwa nini shetani alianza na "kama" badala ya kuanza na njaa?
3. Katika kundi letu, ni mtoto gani ambaye shule aliyopata haikuwa aliyoitaka? Tutamsindikiza vipi mhula huu?

Maombi

Baba, ulisema neno lako juu ya Mwanao kabla ya jangwa. Tupe kinywa kama hicho juu ya watoto wetu. Ondoa ndani yetu aibu inayovaa nguo za bidii. Tupe hekima ya kuchagua, pesa za kutosha, na uso ambao mtoto anaweza kuuangalia siku yoyote. Katika jina la Yesu, amina.