Maji Taka Yako Huishia Wapi?

Mkaazi wa mji wa Nakuru anapovuta maji chooni katika nyumba iliyounganishwa na bomba la maji taka, maji hayo huteremka hadi mitambo ya kusafisha ya Old Town au Njoro, na yakishasafishwa huelekea Ziwa Nakuru. Ziwa letu halina mto unaotoka. Jua huvukiza maji, lakini uchafu ulioingia nayo hubaki humo.

Kazi kubwa ya usafishaji hufanywa na bakteria na jua, kwa hatua hizi:

1. Kuchuja. Vyuma huzuia matambara na plastiki, nao mchanga hutuama.

2. Bwawa la kwanza. Lina kina kirefu na halina hewa. Uchafu mzito huzama, na bakteria wasiohitaji oksijeni huula.

3. Bwawa la pili. Lina kina cha kati ya mita 1 na 2. Mwani hutumia mwanga wa jua kutoa oksijeni, nao bakteria wengine huitumia kumaliza uchafu uliosalia.

4. Bwawa la mwisho. Kina chake ni kama mita 1. Mwanga wa jua huua vijidudu vya maradhi, na mayai ya minyoo huzama.

Kwa mujibu wa Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka wa 2006, maji yaliyoachiliwa kwenye mazingira hayakufaa kuwa na zaidi ya miligramu 30 za chembe za uchafu kwa kila lita.

Mabwawa yana mipaka yake. Bakteria hawali nepi, sodo wala plastiki. Mafuta ya kupikia huganda na kuziba bomba. Mafuta machafu ya gereji na kemikali za viwandani huua bakteria wenyewe. Maji ya mvua yakielekezwa kwenye bomba la maji taka, hujaza mabwawa na kusukuma uchafu nje kabla haujakaa siku za kutosha kusafishika.

Kwa hivyo:

• Tupa nepi na sodo kwenye pipa la taka, si chooni.
• Elekeza maji ya paa kwenye tangi au mtaro wa mvua.
• Ukiita lori la kunyonya choo, uliza litamwaga wapi.
• Usinyunyizie mboga maji taka yasiyosafishwa.
• Ukiona maji taka yakifurika mtaani, ijulishe kampuni ya maji mara moja.