Mji wa Mvita na Watu Wake



Hapa Gatongora, upande wa Ruiru, hapana bahari wala harufu yake. Palipokuwa na mashamba ya kahawa leo pana nyumba za kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa, na ndani yake wamo watu wa kila kabila, na miongoni mwao sisi wachache tuliotoka pwani kutafuta riziki. Watoto wetu wengi wamezaliwa huku. Usiku mmoja baada ya Isha, tulipokuwa tumekwisha funga kitabu cha fiqhi, kijana mmoja aliomba ruhusa akauliza: "Maalim, shuleni naambiwa kuwa sisi watu wa Mombasa ni wageni tuliokuja na majahazi. Nami nikenda likizo kwa bibi, naambiwa mimi ni Mtangana, na kwamba wale wa Mji wa Kale si wenzetu. Je, lipi la kweli?"

Suali hilo lilitushughulisha kwa darasa tatu nzima. Leo tumeona tuwaandikie nyinyi mliobaki mjini, kwani huenda kwenu pia limo majumbani, ila halijapata wa kuliuliza kwa sauti.

Tulianza na umri wa mji. Al-Idrisi, katika kitabu chake cha jiografia cha mwaka 1154, aliitaja Mombasa. Kisha mwaka 1331 akaja Ibn Battuta, akalala usiku mmoja tu. Mtu huyu alikuwa mwanachuoni aliyepata kuwa kadhi, wala hakuwa na haja ya kutusifu. Bali aliandika kuwa watu wa kisiwa hicho ni wa madhehebu ya Shafi, watu wa dini na staha, na misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi mwema. Alieleza kuwa kwenye milango ya misikiti pana visima vifupi, maji yakitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini, na kila aingiaye huosha miguu yake kwanza, kwa kuwa watu walikwenda bila viatu. Chakula chao, asema, ni ndizi na samaki, na nafaka huletwa kutoka bara.

Tuliwasimamisha wanafunzi hapo kwenye nafaka. Wengi husoma khabari ya misikiti wakaona fakhari, wakaipita ya nafaka mbio. Lakini kisiwa kisichojilisha chenyewe hakiwezi kuwa mji wa wageni waliojitenga. Lazima wawepo watu ng'ambo ya maji wenye kulima, na pawe na mapatano, na udugu wa kuoana, na lugha moja ya kununulia na kuuzia. Mji wetu ulilishwa na bara tangu siku tunayoanza kuujua vizuri.

Na lugha ni shahidi asiyeweza kuhongwa. Sisi twasema mtu, majirani zetu Wakikuyu hapa Gatongora wasema mundu; sisi twasema mti, wao muti; na nyama ni nyama kwetu na kwao. Maneno ya dini, ya sharia na ya biashara tumeyapokea kwa Waarabu, na mengine kwa Waajemi na Wahindi, nayo ni neema juu ya neema; lakini mifupa ya lugha ni ya Kibantu. Wazee nao hutaja Mwana Mkisi, mwanamke aliyetawala hapo kale, na baada yake Shehe Mvita, ambaye mji ulichukua jina lake. Hizo ni khabari za midomo, hazina mwaka wala hati, na mwanafunzi wa taarikhi yampasa aziweke mahala pake. Hatta hivyo haziwezi kubuniwa na watu walioteremka chomboni jana. Waarabu wa Oman na wa Hadhramaut walikuja kweli, na Wabulushi, na Wahindi pia. Walikuta mji, wakaoa, wakawa watu wa mji.

Amma vita vya Wareno, hivyo vimo katika vitabu vya shule, nasi twavipita upesi. Vasco da Gama alitia nanga mwezi wa Aprili 1498. Almeida aliuchoma mji mwaka 1505, na Nuno da Cunha akaja kuupiga tena mwaka 1528. Ngome ilianza kujengwa 1593. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hatta Disemba 1698, miezi thalathini na mitatu, ndipo ikaanguka.

Twataka kukaa zaidi katika jambo la pili alilouliza kijana, nalo ni la Taifa. Tulimwita ubaoni aandike majina. Thalatha Taifa: Kilindini, Tangana, Changamwe. Tisa Taifa: Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate, Paza, Shaka, Bajuni, Katwa. Alipomaliza tukamwambia asome tena polepole. Pate ni wapi? Paza ni wapi? Mtwapa na Kilifi je? Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Mengi katika majina hayo ni majina ya miji! Ni watu waliohama miji yao ya pwani, wengine kwa vita na wengine kwa njaa au biashara, wakapokewa Mombasa. Basi mtu asimamaye leo akajifakhiri juu ya mwenziwe kwa jina la Taifa yake, mara nyingi hujifakhiri kwa jina la mji ambao babu zake waliuacha.

Wala Taifa hizo hazikuwa peke yao. Thalatha Taifa walikuwa na ahadi na Wadigo na Waduruma. Tisa Taifa walikuwa na ahadi na Wagiriama, Warabai, Waribe na wengineo katika Mijikenda. Mwaka 1728 Wareno walirudi wakaitwaa Ngome, na mwaka wa pili yake watu wa mji wakawatoa kwa mikono yao. Kisha ukaenda ujumbe Oman kutaka himaya, na ndani yake walikuwamo watu wa mjini na watu wa Mijikenda pamoja. Hiyo ni safari moja ambayo twatamani kila mtoto wa Mombasa aijue kwa moyo.

Sasa tazameni mwaka 1837. Mazrui walikuwa wameshika mji karibu miaka mia. Sayyid Said alikuja na majeshi yake zaidi ya mara moja, na mji haukumkalia sawa. Lakini Liwali Salim bin Ahmed alipofariki mwaka 1835, Mazrui waligombana wao kwa wao nani akae pahala pake, na wakubwa wa Thalatha Taifa, kwa chuki zao za zamani, wakamwelekea Sayyid Unguja. Yaliyoshindikana kwa mizinga yakawezekana kwa fitina. Wakubwa wa Mazrui walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi. Hatusemi Mazrui walikuwa malaika, wala hatusemi Sayyid alikuwa dhalimu. Twasema mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetutolea Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliandika taarikhi ya jamaa zake kwa Kiarabu. Kitabu hicho kilipigwa chapa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Ni vyema, lakini ni nyumba ngapi za Mombasa kilimoingia?

Baada ya hapo mambo yakenda mbio. Mwaka 1895 Waingereza wakatangaza himaya yao, na mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa, ikafika Nairobi 1899. Makao ya serikali yakahamishiwa huko. Mwaka 1913 njia ya reli ya Thika ikapita hapa Ruiru. Gati za kwanza za maji marefu Kilindini zikafunguliwa 1926, na watu wa bara wakateremka kwa maelfu kufanya kazi bandarini. Mgomo mkubwa wa Januari 1947 ulikuwa wao na wetu. Reli iliyowateremsha wao ndiyo iliyotupandisha sisi. Anayemwita kuli wa Kilindini mgeni na akumbuke kuwa mwanawe huenda akaitwa neno hilo hilo Gatongora.

Likizo ilipofika tulimpa kijana kazi: amwulize bibi yake mama yake alitoka wapi, na mama wa mama yake, hatta kumbukumbu ikome. Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama wa bibi ni mzaliwa wa Mtwapa. Mama wa huyo ni Mduruma aliyeolewa kisiwani. Na mumewe alikuwa nahodha kutoka Shihr. Bibi, asema, alicheka sana, akasema ni miaka mingi hakuulizwa hayo na mtu, akamwita jirani wa Mji wa Kale aje asaidie kukumbuka jina moja lililompotea.

Karatasi ile tumeibandika ukutani darasani. Upande wa babu bado uko mtupu, naye ameahidi kuujaza mwezi wa Disemba.