Neno "Light" na Mgawanyo wa Maana Zake katika Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na neno la Kiingereza light, aghalabu hukimbilia kamusi. Humo hukuta orodha ya visawe: nuru, mwanga, mwangaza, taa, -eupe, -epesi, washa. Orodha hiyo ni sahihi, lakini haimwambii achague lipi na kwa nini. Hebu tutazame agizo lipatikanalo kwenye chupa za dawa, kwamba dawa ikingwe dhidi ya light. Mfasiri akiandika kuwa dawa iwekwe mbali na taa, mgonjwa ataiepusha na taa usiku, kisha mchana aiache dirishani ikipigwa na jua. Akiandika nuru, ataeleweka, ila sentensi itasikika kana kwamba imetoka mimbarini. Neno linalofaa hapo ni mwanga. Makala haya yanadai kwamba wingi wa visawe hivi si dalili ya upungufu wa Kiswahili. Kiswahili kimetenganisha maana ambazo Kiingereza kimezifumbata katika umbo moja.

Maneno mawili, umbo moja

Katika masomo ya shule, light lingewekwa kwenye kundi la vitawe na mjadala ukaishia hapo. Hata hivyo, vitawe ni vya aina mbili. Kuna homonimia, yaani maneno tofauti yaliyosadifu kufanana kwa umbo, kama vile paa wa porini na paa la nyumba. Kuna pia polisemia, ambapo neno moja limepanua maana yake, kama vile kichwa cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha gari moshi.

Light lina sifa zote mbili. Light lenye maana ya mwanga na light lenye maana ya wepesi yana asili mbili tofauti, na sauti zake zilikaribiana kadiri karne zilivyopita. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, bado huyatenga: Licht ni mwanga, leicht ni -epesi. Tena neno la Kiingereza la pafu, lung, lina asili moja na light la wepesi, kwa kuwa pafu ni kiungo chepesi. Kwa hiyo, mfasiri anapoandika mwanga mahali pamoja na -epesi mahali pengine, hajalipasua neno moja. Ameyarejesha maneno mawili kwenye nafasi zake.

Nuru, mwanga na taa

Ugumu zaidi umo ndani ya maana ya kwanza. Nuru, neno lenye asili ya Kiarabu, limebeba uzito wa dini, uongofu na matumaini. Ndiyo maana Said Ahmed Mohamed alipoipa riwaya yake ya 1988 jina Kiza katika Nuru, msomaji hakutarajia kisa cha balbu. Mwanga, lenye mzizi wa Kibantu unaojitokeza pia katika anga, angaza na angavu, hutaja kile kinachowezesha macho kuona. Taa ni chombo.

Mfano mzuri umo katika tafsiri ya Biblia ya 1952 iitwayo Union Version. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo, Kiingereza cha King James hutumia light kwa kilichoumbwa siku ya kwanza, na lights kwa jua na mwezi. Kiswahili kinatumia nuru kwa cha kwanza na mianga kwa vya pili. Kiebrania nacho kina maneno mawili hapo, or na meorot. Kiswahili, basi, kimehifadhi tofauti ambayo Kiingereza kimeiacha ififie.

Mwanga lenyewe lina homonimu yake: mwanga ni mchawi wa usiku pia. Upatanisho wa kisarufi ndio uamuao. Mianga huangaza, wanga huroga.

Wepesi na mipaka yake

-epesi nalo halilingani na light kikamilifu. Mzigo mwepesi na chakula chepesi havina utata. Lakini mvua ya light ni manyunyu au rasharasha, upepo wa light ni mwanana, na rangi ya light ni isiyokoza. Mtu wa ngozi ya light ni mweupe. Ukisema ana ngozi nyepesi, msikilizaji atadhani ngozi yenyewe ni nyembamba. Kwa upande mwingine, Kiswahili husema mtihani mwepesi na mtu mwepesi wa kusahau, mahali ambapo Kiingereza hakitumii light. Mipaka ya maneno haya mawili inakutana tu, hailingani.

Misemo

Hapa ndipo tasnifu nyingi hujikwaa. "Katika mwanga wa matokeo haya" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kiswahili kinasema "kwa kuzingatia matokeo haya". Siri "haletwi kwenye mwanga", hufichuliwa. Hata hivyo, "kutoa mwanga kuhusu suala" kumekubalika, kwa kuwa Kiswahili tayari kilihusisha mwanga na ufahamu. Aombaye light ya sigara huomba kiberiti. Nazo lights zikizimika mtaani, Mkenya husema stima zimepotea, kwa neno ambalo awali lilitaja meli ya mvuke.

Hitimisho

Kisawe hakichaguliwi kwa kutazama neno pekee. Mfasiri hana budi kuuliza maswali matatu: Je, ni light la mwanga au la wepesi? Je, kinachotajwa ni chombo, mng'ao au uongofu? Je, neno lililo jirani yake limezoea kuandamana na nini katika Kiswahili? Kamusi huorodhesha maneno. Jirani wa neno ndiye huamua. Apuuzaye jirani huyo huandika sentensi ambayo kila neno lake ni la Kiswahili, ilhali yenyewe si ya Kiswahili.