UGONJWA HAUJUI MPAKA

Somo letu la leo ni la siasa. Usiogope neno hili. Wengine husema, "Siasa ni ya wakubwa, mimi nina migomba yangu." Lakini siasa huingia hata kwenye migomba. Tuseme mama mmoja wa Muleba huuza dagaa na maharage Mutukula. Siku moja anafika mpakani, anaambiwa rudi, mpaka umefungwa. Nani amefunga? Kwa nini? Nani alimwuliza yeye? Hiyo ndiyo siasa.

Leo tutazame ugonjwa wa korona ulioanza kutusumbua mwaka 2020. Tutaona ulivyogusa kura zetu, habari zetu na ujirani wetu na nchi nyingine. Soma polepole. Kama mpo kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize.

MANENO YA SOMO

Mlipuko: ugonjwa kutokea ghafla na kuambukiza watu wengi.
Karantini: kumtenga mtu kwa siku kadhaa ili asiambukize wengine.
Demokrasia: wananchi kuchagua viongozi wao, kuwauliza maswali, na kuwaondoa kwa kura wakitaka.
Uhusiano wa nje: namna nchi yetu inavyoishi na nchi nyingine.

1. SISI WA KAGERA TUNAUJUA MPAKA

Mkoa wetu unapakana na nchi 3: Uganda, Rwanda na Burundi. Kutoka Bukoba mjini mpaka Mutukula ni kama kilometa 80 tu. Wazee wetu wanakumbuka Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa kwamba ugomvi wa mpakani hulipwa na mwananchi.

Ugonjwa nao tunaujua. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini walitambuliwa mkoani kwetu, katika hospitali ya Ndolage, wilaya ya Muleba. Watu walisemaje? Hapa kwetu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za magendo zilizotoka Uganda. Upande wa pili, Kasensero, wapo waliosema ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa. Basi kila upande ukamnyoshea jirani kidole. Wakati vidole vinanyoshwa, ugonjwa ulikuwa unaendelea kuua pande zote mbili.

Tulishike jambo hili. Tutaliona tena.

2. MAJIRANI WANNE, NJIA TOFAUTI

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema korona ni janga la dunia nzima. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi, huko Arusha. Shule zikafungwa. Tulinawa mikono kwa ndoo na sabuni mlangoni, mnakumbuka.

Baada ya hapo kila nchi ilishika njia yake.

Uganda na Rwanda ziliwafungia watu majumbani na kufunga mipaka kwa abiria. Malori ya mizigo tu ndiyo yaliruhusiwa. Uganda ilichukua karibu miaka miwili kufungua shule zote; watoto walirudi wote Januari 2022.

Tanzania haikuwafungia watu. Serikali ya Rais John Magufuli ilikuwa na hoja yake: mkulima na mchuuzi hula alichopata leo, ukimfungia ndani, njaa itamuua kabla ya korona. Wanakijiji wengi waliikubali hoja hii, na ina uzito. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Mwezi Mei 2020 hesabu ya wagonjwa ikaacha kutolewa. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Rais alisema vipimo vya maabara haviaminiki. Mwezi Juni akasema Mungu ameuondoa ugonjwa.

Hapo tutenganishe mambo mawili. Kutofunga watu ndani ni uamuzi. Watu wanaweza kuupenda au kuukataa. Kutotoa hesabu ni jambo jingine. Bila hesabu, mwananchi ataupimaje uamuzi? Ni kama mwenyekiti wa chama cha msingi cha kahawa anayesema, "Mambo ni mazuri," lakini daftari halionyeshi. Huenda ni kweli mambo ni mazuri. Utajuaje?

Burundi nayo haikufunga watu. Mwezi Mei 2020 ilimfukuza mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani. Tarehe 8 Juni Rais Pierre Nkurunziza akafariki. Serikali yake ilisema ni moyo. Rais mpya, Évariste Ndayishimiye, aliapishwa mwezi huo huo, na kabla mwezi haujaisha akawaambia wananchi kuwa korona ni adui mkubwa wa nchi.

3. KURA WAKATI WA UGONJWA

Sasa tuje kwenye demokrasia. Nchi 3 kati ya hizi zilipiga kura wakati huo huo wa ugonjwa.

Burundi ilipiga kura tarehe 20 Mei 2020. Mikutano ya kampeni ilijaa watu. Lakini waangalizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliambiwa kuwa wakifika watakaa karantini siku 14. Siku hizo zingemaliza uchaguzi wao wakiwa ndani. Hawakwenda.

Tanzania ilipiga kura tarehe 28 Oktoba 2020. Mikutano ilikuwa mikubwa. Rais Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 84. Vyama vya upinzani viliyakataa matokeo. Na mwezi Julai, kabla ya kampeni, zilitoka kanuni zilizokataza kusambaza mtandaoni habari za mlipuko wa ugonjwa bila kibali.

Uganda ilipiga kura tarehe 14 Januari 2021. Huko mikutano mikubwa ilikatazwa kwa sababu ya korona. Wagombea waliambiwa watumie redio na televisheni. Upinzani ukalalamika kuwa redio nyingine haziwapokei. Novemba 2020 mgombea Robert Kyagulanyi, anayejulikana kama Bobi Wine, alikamatwa kwa kosa la kukusanya watu. Ghasia zikatokea na watu zaidi ya 50 wakafa. Siku moja kabla ya kura, intaneti ikazimwa.

Umeona? Nchi moja ilitumia ugonjwa kuzuia mikutano. Nyingine ilitumia karantini na waangalizi hawakuja. Nyingine ilisema ugonjwa umekwisha, na habari zake zikawa ngumu kuandikwa. Njia ni tatu, lakini swali ni moja: je, mwananchi alipata nafasi ya kusikia, kuuliza na kuamua?

Wakati wa ugonjwa serikali huhitaji nguvu zaidi. Ni kweli. Nyumba ikiwaka moto hatukai kikao. Lakini aliyepewa ndoo ya kuzima moto asiondoke na ndoo. Nguvu ya dharura iwe na siku ya mwisho, na iwe na watu wa kuitazama.

4. MALORI YA MUTUKULA NA RUSUMO

Nchi zikishika njia tofauti, mpaka hupata shida. Uganda ilikuwa ikipima madereva wa malori Mutukula na kutangaza kuwa baadhi ya wanaotoka Tanzania wana korona. Rwanda ilitaka madereva wabadilishane magari pale Rusumo, na madereva wetu wakagoma. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania, isipokuwa kwa mizigo.

Siku 4 kabla ya hapo, marais wa Afrika Mashariki walizungumza kwa video juu ya ugonjwa huu. Rwanda, Kenya, Uganda na Sudan Kusini walikuwepo. Tanzania na Burundi hawakuwepo. Jumuiya hii tunaijua: ilivunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Lakini wakati wa korona, kila mmoja alilima shamba lake.

Nani aliumia? Dereva aliyelala njiani siku nyingi akisubiri majibu. Mwenye hoteli ndogo ya Mutukula. Mama wa dagaa. Mwishowe mawaziri na wakuu wa mikoa walikaa mezani, mpaka kwa mpaka, wakakubaliana namna ya kupima na kupitisha mizigo. Mazungumzo ndiyo yaliyofungua njia, si kelele.

5. NJIA ILIVYOGEUKA

Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Serikali ilitangaza kuwa ni maradhi ya moyo. Tarehe 19 Machi Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, aliapishwa, kama Katiba inavyosema. Hiyo ndiyo kazi ya Katiba: kiongozi hufa, nchi haifi.

Rais mpya aliunda kamati ya wataalamu. Tarehe 28 Julai 2021 yeye mwenyewe alichanjwa mbele ya watu. Chanjo za kwanza zilikuwa zaidi ya milioni 1, msaada kutoka Marekani.

Mwaka huo huo Tanzania ilikopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa shilingi trilioni 1.3. Fedha hizo zilijenga madarasa 15,000 nchini. Huenda hata kijijini kwako lipo darasa linaloitwa "la UVIKO". Ni jambo jema. Lakini kumbuka, ule ni mkopo. Mkopo hulipwa na wewe na mimi. Kwa hiyo kuuliza, "Saruji ilikuwa mifuko mingapi?" si ukorofi. Ni haki.

6. MARUKU, KANYANGERE­KO NA BIHARAMULO

Machi 2023 ugonjwa wa ajabu uliua watu katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini. Tarehe 21 Machi serikali ilitangaza waziwazi: ni Marburg. Wataalamu walikwenda nyumba kwa nyumba, wakawatafuta waliogusana na wagonjwa. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Tuwaombee marehemu, akiwemo aliyekufa akihudumia wagonjwa. Lakini ugonjwa haukuenea mikoa mingine.

Januari 2025 Marburg ilirudi, safari hii Biharamulo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilisema lina wasiwasi. Wizara yetu ikajibu kuwa vipimo havikuonyesha kitu. Tarehe 20 Rais mwenyewe alisimama Dodoma, pamoja na mkuu wa Shirika hilo, akathibitisha kuwa Marburg ipo. Watu 10 walikufa. Mlipuko ulikwisha tarehe 13 Machi.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Kuna watu huogopa kutangaza kwa sababu watalii watakimbia na mipaka itafungwa. Hofu hiyo si ya bure. Lakini jirani anayejua ukweli hupima mgonjwa. Jirani anayeshuku hufunga mlango wote.

7. TUFANYE NINI KIJIJINI?

Kwanza, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Hapo ndipo demokrasia ya mwanakijiji ilipo. Ukikaa nyumbani, usilalamike.

Pili, tudai habari. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Ugonjwa ni jambo muhimu kwa maisha.

Tatu, tukiona vifo visivyoeleweka, tutoe taarifa mapema zahanati au kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Hatuwezi kuidai serikali ukweli huku sisi wenyewe tunaficha mgonjwa chumbani.

Nne, tusimlaumu jirani. Mganda, Mnyarwanda na Mrundi si ugonjwa. Tuliwahi kukosea hivyo wakati wa Juliana.

Ndugu msomaji, ulijifunza kusoma ili usidanganywe kwenye mizani ya kahawa. Kusoma huko huko kukusaidie usidanganywe kwenye mambo ya nchi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja nchi 3 zinazopakana na mkoa wa Kagera.
2. Kuna tofauti gani kati ya kuamua kutofunga watu ndani na kuacha kutoa hesabu ya wagonjwa?
3. Nguvu ya dharura ni nini? Kwa nini iwe na siku ya mwisho?
4. Wakati wa korona, nani katika kijiji chenu aliumia mpaka ulipofungwa? Mwelezeni.
5. Je, kijijini kwenu kuna darasa lililojengwa kwa mkopo wa UVIKO? Mlisomewa hesabu zake? Kama bado, ulizeni kwenye mkutano ujao.